Mwongozo wa Kutengeneza na Kupiga Zhaleika, Zumari ya Wachungaji wa Urusi

Zhaleika ni ala ya kupulizwa iliyozoeleka mikononi mwa wachungaji wa vijiji vya Urusi: mrija mfupi wa mti, wenye ulimi wa tete upande wa mdomo na pembe ya ng'ombe upande wa pili. Mrija wenyewe kwa kawaida una urefu wa sentimita 10 hadi 20 tu, lakini sauti yake huvuka malisho, kali na ya puani, mithili ya mtu anayeimba wimbo wa msiba huku amebana pua. Mwongozo huu unamwelekeza msomaji namna ya kuitambua sauti hiyo, kujitengenezea ala ya kujifunzia, na kupiga miito na nyimbo fupi za mwanzo. Nitakaa zaidi kwenye ulimi wa tete kuliko kwenye vidole, kwa kuwa katika ala hii vidole ndivyo kazi nyepesi; anayekata tamaa hukatishwa tamaa na kijiti cha tete kisichozidi urefu wa kidole.

Kuitambua ala na kuitenga na jamaa zake

Jina moja hubeba ala nyingi, na ala moja hubeba majina mengi. Pande za Tver zhaleika iliitwa pia brelka, na sehemu nyingine wanakijiji waliiita rozhok, jina ambalo mahali pengine ni la ala tofauti kabisa. Rozhok ya mkoa wa Vladimir ni baragumu la mti lililozungushiwa gome, halina ulimi wowote, na mpigaji huitoa sauti kwa kutetemesha midomo yake kama apigavyo tarumbeta. Svirel nayo ni filimbi, yenye sauti laini isiyo na ukali wa tete. Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, ala iliyo karibu zaidi na zhaleika kwa ukali wa sauti ni zumari, ila zumari hutumia vipande viwili vya ulimi vinavyopigana, ilhali zhaleika ina ulimi mmoja unaopiga juu ya ukingo wa tete. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua namna ya kuitengeneza na kuipuliza, basi ishike vizuri kabla ya kununua au kuchonga chochote.

Mchungaji wa kijiji aliajiriwa kwa msimu. Ng'ombe walitolewa mazizini kwa mara ya kwanza baada ya majira ya baridi karibu na sikukuu ya Mtakatifu Georgi, ambayo kwa kalenda ya sasa huangukia tarehe 6 Mei, na tangu siku hiyo alfajiri za kijiji zilifunguliwa kwa mlio wa pembe au wa zhaleika uliowaamsha wenye ng'ombe wafungue milango ya mazizi. Kazi hiyo ndiyo iliyoichonga sauti ya ala: ilipaswa kusikika mbali, kuanza ghafla, na kutambulika katikati ya mbwa wanaobweka na ng'ombe wanaolia. Upole haukuhitajika, na hata leo haupo.

Mwishoni mwa karne ya 19, Vasily Andreyev (1861–1918), mzaliwa wa Bezhetsk katika mkoa wa Tver, ambaye kikundi chake cha wapiga balalaika, ala ya nyuzi ya Urusi, kilifanya onyesho la kwanza mwaka 1888 huko St. Petersburg, aliipeleka zhaleika jukwaani ndani ya okestra yake ya ala za kiasili. Ili iweze kupigwa pamoja na ala nyingine ilibidi ilinganishwe kwa noti za kawaida za okestra. Kwa sababu hiyo zipo leo aina mbili: ya kijiji, yenye matundu 3 hadi 7 na noti zinazofuata sikio la aliyeichonga, na ya jukwaani, yenye skeli kamili na kipulizio kilichokerezwa. Anayetaka kuiagiza kutoka kwa mafundi wa Urusi atatajiwa noti ya msingi, kwa mfano Sol, La au Re, na anapaswa kujua mapema kwamba kila ala hupiga vizuri katika ufunguo wake na ule wa jirani tu.

Hatua ya kwanza: sikiliza kabla ya kushika kisu

Tafuta rekodi za kikundi cha Dmitri Pokrovsky, kilichoanzishwa Moscow mwaka 1973 kwa nia ya kuimba na kupiga kama wanakijiji wenyewe, na za Sergei Starostin, mwanamuziki wa Moscow anayepiga ala kadhaa za kupulizwa za kiasili. Kisha linganisha na zhaleika inavyosikika ndani ya okestra ya taifa iitwayo Osipov, iliyoundwa mwaka 1919. Utagundua kwamba okestra huitumia kwa vipande vifupi, mara nyingi pale muziki unapotaka kuonyesha malisho au ngoma ya kijijini, halafu huinyamazisha. Mpigaji wa kijijini hana wa kumpokea, na kwa hiyo hujaza nafasi yote kwa mapambo ya vidole.

Unaposikiliza, elekeza sikio kwenye namna noti inavyoanza. Haichipuki polepole, ama ipo kwa nguvu yake yote, ama haipo kabisa, kwa sababu ulimi hautetemeki mpaka shinikizo la hewa lifikie kiwango fulani, na ukishatetemeka huwa tayari umefika kwenye ukubwa wa sauti unaokaribia kilele chake. Hakuna kupaza wala kushusha sauti. Hisia huonyeshwa kwa urefu wa noti, kwa kimya kati ya noti, na kwa vidole vinavyogonga tundu haraka kabla noti kuu haijatulia. Msikilizaji aliyezoea filimbi huiona hali hii kuwa upungufu. Mimi naiona kuwa ndiyo tabia inayofaa kujifunzwa kwanza, kwa kuwa mtu akiingia akitafuta ulaini atautesa ulimi bure.

Sababu ya sauti hiyo inafahamika vizuri. Tundu la ndani la mrija lina upana uleule tangu juu hadi chini, na upande wa ulimi huhesabika kuwa umezibwa, kwa hiyo wimbi la noti ya chini kabisa huwa na urefu mara nne ya urefu wa mrija unaofanya kazi. Filimbi, ambayo imefunguka pande zote mbili, hutoa wimbi lenye urefu mara mbili tu ya mwili wake, na ndiyo maana zhaleika na filimbi za urefu mmoja huachana kwa takriban oktavu nzima, zhaleika ikiwa chini. Mrija uliozibwa upande mmoja pia huzipa nguvu, kati ya sauti za juu zinazoandamana na noti kuu, zile zilizo za namba witiri, yaani ya 3, ya 5 na ya 7, na kuzidhoofisha zile za namba shufwa. Ukali wa ulimi ukijumlishwa na hali hiyo, sauti ya puani hupatikana.

Hatua ya pili: andaa mrija

Huko Urusi mrija ulichongwa kwa mierebi, au kwa mti wa buzina ambao kiini chake ni laini na husukumwa nje kwa waya uliopashwa moto. Mafundi wa sasa hukereza miti migumu zaidi, ikiwemo ya matunda, kisha hutoboa kwa keekee ndefu. Aliye mbali na miti hiyo anaweza kuanza na mwanzi mwembamba uliokauka, wenye tundu la ndani la milimita 8 hivi, maana kinachoamua sauti ni upana na unyoofu wa tundu kuliko jina la mti. Chagua pingili ndefu isiyopinda, ondoa vifundo vyote viwili, na usugue ndani kwa msasa uliozungushiwa kijiti mpaka kidole kidogo kikipapasa ukingo kisikute vumbi wala nyuzi.

Kwa ala ya kwanza napendekeza noti ya msingi iwe Sol ya 392 Hz, yaani mitetemo 392 kwa sekunde. Ukichukua mwendo wa sauti hewani kuwa mita 343 kwa sekunde, urefu unaofanya kazi ni 343 kugawa kwa mara nne ya 392, yaani sentimita 22 kasoro kidogo. Urefu huo si wa mrija peke yake: sehemu ya tete iliyoko mdomoni huhesabiwa, na pembe nayo huongeza kiasi fulani. Hivyo kata mrija wa sentimita 18, ukijua kwamba utaupunguza baadaye. Mrija mrefu hupunguzwa kwa msumeno, mfupi hauna dawa.

Hatua ya tatu: kata ulimi

Hapa ndipo muda wako mwingi utakapokwenda, na ni vizuri uende hapa. Tafuta tete lililokauka likiwa bado limesimama, la rangi ya manjano iliyoiva, lenye unene wa nje wa milimita 6 hadi 8. Tete bichi hukatika vizuri lakini ulimi wake hulegea baada ya siku chache. Lililooza kwa maji huwa na madoa meusi na halina mkazo. Kata kipande cha sentimita 7 hivi ambacho ncha yake moja imezibwa na kifundo cha asili na nyingine iko wazi. Ukikosa kifundo, ziba ncha hiyo kwa nta ya nyuki, nayo itafanya kazi ileile.

Shika kipande hicho mkono wa kushoto, kifundo kikielekea kwako. Umbali wa sentimita 1 kutoka kwenye kifundo, weka kisu chenye makali mapya na ukate kwa kuingia ndani kwa mshazari, ukikwangua taratibu mpaka utokeze kwenye uwazi wa ndani. Ukishaona kitundu chembamba, ingiza ncha ya kisu humo na upasue kuelekea ncha iliyo wazi, ukifuata nyuzi za tete, hadi upate ulimi wa urefu wa sentimita 2 na nusu na upana wa milimita 3 au 4. Usilazimishe kisu. Tete hupasuka lenyewe kwa unyoofu likipewa nafasi, na ukilisukuma kwa nguvu ufa hukimbia upande mmoja na ulimi hutoka mpana huku na mwembamba kule. Ulimi mzuri, ukiutazama kwa ubavu dhidi ya mwanga, huonyesha upenyo mwembamba sana kwenye ncha yake na hugusa kabisa tete kwenye shina lake.

Ulimi uliokatwa hivi una shina upande wa mrija na ncha upande wa kifundo. Wapo wanaoukata kinyume, shina likiwa karibu na kifundo, na namna zote mbili hulia. Chagua moja na ubaki nayo mpaka uielewe.

Sasa jaribu. Tia tete lote mdomoni kupita mwisho wa ulimi, funga midomo nyuma yake, puliza kwa nguvu ya wastani. Likilia mlio mkali wa juu, umefaulu, ingawa mlio huo unapaswa kuwa juu kuliko noti ya juu kabisa unayoitaka kwenye mrija, la sivyo noti za juu zitakwama. Hewa ikipita kimya, upenyo ni mkubwa mno au ulimi ni mgumu: bana ulimi kwa kidole kwa muda, na usipobadilika kwangua shina lake kidogo sana kwa makali ya kisu. Ulimi ukijifunga mara tu unapopuliza, upenyo umekosekana: pitisha unywele mmoja chini ya ulimi hadi kwenye shina na uuache hapo. Watu wa kazi hii huona unywele mmoja kuwa kipimo cha kutosha, na kweli nywele mbili mara nyingi huzidi.

Zungushia uzi uliopakwa nta kwenye shina la ulimi, mizunguko minne au mitano, ubane bila kuumiza. Uzi huu ndio usukani wako. Ukiusogeza kuelekea ncha, sehemu ya ulimi inayotetemeka hufupika na sauti hupanda. Ukiurudisha nyuma, hushuka. Kwa marekebisho ya kudumu tumia kisu: kukwangua shina hushusha sauti, kukwangua ncha huipandisha, na tone dogo la nta juu ya ncha huishusha na pia huzuia mikwaruzo ya ghafla inayotokana na ncha iliyokonda kupita kiasi. Kwangua, puliza, kwangua, puliza. Kila unachoondoa ni kidogo kuliko unachofikiri unaondoa, na hakirudi.

Kata tete zaidi ya moja kwa mkao mmoja. Matete ya kichaka kimoja hutofautiana, na kati ya hizo utakazokata ipo itakayolia kwa urahisi bila kubembelezwa. Hiyo ndiyo ya kujifunzia, nyingine zihifadhi kavu. Mafundi wengi wa Urusi hivi sasa huweka ulimi wa plastiki juu ya kipulizio kilichokerezwa, nao hauvimbi kwa mate wala haubadiliki kwa hali ya hewa. Wapenzi wa asili huukataa. Kwa mwanafunzi asiye na mwalimu, naona ni busara kuwa na vyote viwili: plastiki kwa mazoezi ya vidole ya kila siku, tete kwa ajili ya sauti, kwa kuwa sauti ya tete ina punje ndani yake ambayo plastiki huilainisha.

Hatua ya nne: tayarisha pembe

Pembe ya ng'ombe huchemshwa majini mpaka kiini cha mfupa kilichomo ndani kilegee na kuvutika nje. Fanya kazi hiyo uani, maana harufu yake haitoki ndani ya nyumba kwa siku nyingi. Kata ncha, panua tundu kwa tupa mpaka mwisho wa mrija uingie kwa kubana, na uzungushie uzi wenye nta pale vinapokutana ili hewa isivuje. Kwenye misitu ya Urusi pembe mara nyingi ilibadilishwa na gome la beryoza, mti wenye gome jeupe linalobanduka kwa vipande virefu: ukanda wa gome ulizungushwa kwa mshazari kuwa umbo la faneli na kufungwa kwa kijiti. Pembe hufungua sauti na kuielekeza mbele, na athari yake kwa kupanda au kushuka kwa noti husikika zaidi kwenye noti ya chini kabisa, ambapo matundu yote yamezibwa. Kwa hiyo kazi yote ya kulinganisha ifanyike pembe ikiwa imeshavikwa.

Hatua ya tano: toboa matundu na kulinganisha

Ingiza tete kwenye mrija kwa sentimita 2 hivi, ukilizungushia uzi wenye nta mpaka libane. Puliza na upime noti kwa programu ya simu ya kupimia toni. Itakuwa chini ya Sol. Kata mrija upande wa pembe, milimita chache kwa mara moja, hadi ifike. Kusukuma tete ndani hupandisha sauti na kulivuta nje huishusha, lakini acha nafasi hiyo kwa marekebisho madogo ya siku kwa siku.

Kwa mwanzo matundu matano mbele na moja la kidole gumba nyuma yanatosha. Yakijumlishwa na noti ya msingi utapata noti saba. Hesabu urefu kutoka kwenye ncha iliyozibwa ya tete. Kinadharia tundu la chini kabisa linakaa penye 8/9 ya urefu unaofanya kazi, la pili 4/5, la tatu 3/4, la nne 2/3, la tano 3/5, na la gumba 9/16. Kwa Sol yetu ni takriban sentimita 19.4, 17.5, 16.4, 14.6, 13.1 na 12.3. Kwa vitendo, tundu la kidole ni jembamba kuliko tundu la ndani la mrija, na hali hiyo hushusha noti. Kwa hiyo weka kila alama milimita 4 au 5 karibu zaidi na mdomo kuliko hesabu inavyosema. Skeli itakayotokea inafanana na ile ya meja, ila noti ya saba imeshuka nusu toni. Wanakwaya waliozoea nota za d r m f s l wataitambua noti hiyo kuwa ta badala ya t.

Toboa kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu noti ya kila tundu huathiriwa na matundu yaliyofunguka chini yake. Anza na kitundu cha milimita 3 kwa waya wa moto au keekee nyembamba, puliza, pima, kisha panua kidogo kidogo kuelekea milimita 5 au 6. Kadiri tundu linavyopanuka ndivyo noti inavyopanda. Tundu lililopanuliwa kupita kiasi hurekebishwa kwa nta iliyobandikwa kwenye ukingo wake wa juu, ulio upande wa mdomo. Utaona kwamba tundu la pili na la tatu yamekaribiana hata vidole vya mtu mzima vinagongana. Suluhisho la mafundi ni kulisogeza la tatu kando ya mstari, au kulifanya dogo na kulipandisha juu zaidi, kwa kuwa tundu dogo lililo karibu na mdomo hutoa noti sawa na tundu kubwa lililo mbali.

Puliza kwa shinikizo moja wakati wote wa kupima. Zipo tete ambazo noti hupanda ukizidisha pumzi, na zipo ambazo hushuka, hivyo anayepima huku pumzi inayumba hupata ala iliyolinganishwa na uchovu wake.

Hatua ya sita: pumzi na noti ya kwanza

Simama au keti wima. Ingiza tete mdomoni mpaka ulimi wote uwe huru ndani ya kinywa, midomo ikibana nyuma ya uzi. Usiuguse ulimi kwa meno wala kwa midomo. Hapa ndipo zhaleika inapoachana na klarineti, ambayo mpigaji wake huiongoza sauti kwa mdomo wa chini. Katika zhaleika mdomo ni chumba cha hewa tu, na uongozi wote unatoka tumboni. Ziba matundu yote kwa nyama ya vidole, si kwa ncha, vuta pumzi, kisha achia hewa kwa mara moja bila kuisita. Noti ya msingi ikitokea, ishikilie kwa hesabu ya nane bila kuyumba. Mlio ukivunjika kuwa mkwaruzo wa juu, kabla ya kuulaumu ulimi chunguza kama kuna kidole kilichoacha mwanya. Mara nyingi ni kidole cha pete cha mkono wa chini.

Ala hii ina takriban oktavu moja tu. Usijaribu kuruka juu zaidi kwa kupuliza kwa nguvu kama ilivyo kwa filimbi, kwani mrija uliozibwa upande mmoja hauruki kwa oktavu, na ulimi wa tete kwa kawaida hugoma kabla ya hapo. Nyimbo zake zimejengwa ndani ya nafasi hiyo finyu.

Sauti ni kubwa kwa chumba cha kawaida, na majirani wana haki yao. Kitambaa kilichotiwa ndani ya pembe hupunguza makali, ila huvuruga noti za chini, basi kitumie kwa mazoezi ya vidole pekee.

Hatua ya saba: vidole, mapambo na mwito wa kwanza

Fungua matundu moja moja kutoka chini, ukihesabu polepole, kisha uyafunge kwa mpangilio uleule. Zoezi hili likikaa, acha kuzitenganisha noti zinazojirudia kwa kukata pumzi, na badala yake zitenganishe kwa kidole: ukiwa kwenye d na ukataka d nyingine, inua na kurudisha kidole cha tundu la nne kwa kasi kiasi kwamba sikio linasikia mpigo bila kusikia noti mpya. Pumzi inabaki moja. Mapambo haya ndiyo lugha ya zhaleika, na noti ndefu isiyo na pambo lolote mwanzoni mwake husikika kama imeachwa bila kumaliziwa.

Sasa piga mwito. Chukua d kuwa noti ya msingi. Anza na s ndefu, ipambe kwa mpigo mmoja wa kidole cha tundu la tano. Shuka haraka f, m, r, na utulie kwenye d kwa muda uleule wa s ya mwanzo. Nyamaza kwa pumzi kamili. Rudia, lakini safari hii panda hadi ta kabla ya kushuka, na usikimbilie kuiacha ta, maana ndiyo inayotia ule uchungu katika mwito mzima. Urefu wa noti mbili za pembeni na ukimya ulio katikati ndivyo vinavyoufanya uwe mwito. Ukivifupisha unabaki na skeli. Baada ya hapo jaribu wimbo wowote unaoujua kwa moyo ambao hauvuki noti sita, na uupige kwa mwendo wa kutembea. Kupata nusu toni zisizomo, ziba nusu ya tundu. Kuziba matundu kwa kuruka, yaani kuacha tundu moja wazi na kuziba yaliyo chini yake, hufanya kazi kwenye baadhi ya noti tu, na kila ala ina yake.

Baada ya dakika kadhaa utasikia noti zikihama. Joto la pumzi huipandisha sauti, na unyevu unaoingia kwenye ulimi wa tete huushusha kwa kuutia uzito, na mara nyingi unyevu ndio unaoshinda. Chomoa tete, pangusa ulimi kwa karatasi laini ukielekea kwenye ncha, liache lipumzike, tumia la akiba. Ukimaliza kupiga usilifungie tete ndani ya mrija wala ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu hushika ukungu. Liweke kwenye kijaluba chenye vitundu. Mrija paka mafuta ya kitani ndani na nje mara chache kwa mwaka, na uyaache yakauke kabisa kabla ya kupiga.

Zhaleika ya mirija miwili

Kusini, pande za Voronezh na Belgorod, hupatikana zhaleika ya jozi: mirija miwili iliyofungwa sambamba, kila mmoja na tete lake, yote miwili ikiingia mdomoni kwa pamoja, wakati mwingine ikishiriki pembe moja. Mkono mmoja huongoza wimbo, mwingine husindikiza kwa noti chache. Usiingie huko kabla hujaweza kukata tete mbili zinazokubali shinikizo moja la pumzi, kwa sababu tete moja ikiwa ngumu na nyingine laini, moja italia na nyingine itanyamaza. Ili kulinganisha, piga noti moja kwenye mirija yote na usikilize mawimbi ya sauti inayopanda na kushuka kwa kasi. Sukuma ndani kidogo kidogo tete la mrija wenye sauti ya chini zaidi, na kadiri noti zinavyokaribiana ndivyo mawimbi hayo yanavyopungua kasi mpaka yatoweke. Pumzi ya mirija miwili ni nzito zaidi kuliko ya mmoja, hivyo katika wiki za mwanzo ziba mrija wa kusindikiza kwa nta, ufungue kwa dakika chache tu mwishoni mwa kila zoezi, na uongeze muda huo kadiri mapafu yanavyozoea.